Nondo Asiyefika

Ukiulizia nondo Mbagala Rangi Tatu, utaulizwa milimita ngapi: 10, 12 au 16. Kwa hiyo nilipoingia kwenye banda la mbao nikamwuliza mzee muuzaji kama huko kwao Mufindi aliwahi kuona nondo kwenye matunda ya mipaini, alinionyesha duka la jirani bila hata kuinua kichwa.

"Hapa mbao tu, mwanangu. Nondo ulizia pale."

Nikamweleza kuwa nasema mdudu, yule anayezunguka taa usiku. Mzee alicheka mpaka akaweka futi chini.

"Mnasomea na hayo siku hizi?"

Tunasomea, mzee. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu misitu ya kupandwa ya Nyanda za Juu Kusini. Nilianza na watu, ardhi na mikopo, kama wanahistoria wote. Nikaishia kwa mdudu ambaye, kwa kadiri ya makabrasha yote niliyoyafungua, hajawahi kuja hapa. Msimamizi wangu alinitazama kwa huruma nilipomwambia. Historia, alisema, huandikwa kutokana na vilivyotokea. Bado sijakubaliana naye, na makala hii ni sehemu ya ubishi huo.

Kwanza mbao zenyewe, maana ndizo zilizonipeleka huko. Banda la yule mzee limejaa mbili kwa nne, mbili kwa sita, papi, na mbao za dawa zenye ukijani uliochuja. Karibu zote ni paini, na zimesafiri mamia ya kilomita kutoka Mufindi na Njombe. Haikuwa hivyo zamani. Bibi yangu alipojenga Charambe, paa lake lilikuwa makuti juu ya boriti za mikoko kutoka Rufiji, na mwenye uwezo kidogo aliweka mninga. Mimi nilimjua paini tarehe 29 Aprili 2009, nikiwa darasa la tatu, siku ghala la silaha la kambi ya jeshi lilipolipuka hapa Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Sisi tulipona, paa halikupona. Miezi iliyofuata mtaa mzima ulinuka mbao mbichi, ile harufu ya utomvu inayokaa mikononi hata ukinawa kwa sabuni. Fundi alipomaliza kupiga kenchi mpya, mama aliuliza huu mti unaitwaje. Fundi akasema paini. Maofisa misitu huuita msindano, kwa sababu ya majani yake. Nililala chini yake miaka kumi kabla ya kujiuliza umetoka wapi.

Sasa nondo. Msindano hauzai tunda la nyama kama embe. Mbegu zake hukaa ndani ya koni, na sisemi koni ya aiskrimu, ingawa jina ni hilo hilo kwa sababu ya umbo. Koni ni kitu cha mti mgumu chenye magamba yaliyopangana kama vigae, na chini ya kila gamba hukaa mbegu mbili zenye bawa. Mtoto wa Dar akitaka kuiwazia atakumbuka vile vidude vya mvinje vinavyochoma nyayo ufukweni Kigamboni. Mfano huo unasaidia macho tu, kwa sababu mvinje si ndugu wa msindano hata kidogo.

Huko kaskazini mwa dunia wako nondo ambao viwavi wao wanaishi ndani ya koni hizo. Cydia strobilella, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ni mla mbegu wa sprusi, mti wa nchi za baridi ambao Wazungu wengi huupamba wakati wa Krismasi. Dioryctria abietella alielezwa na wataalamu wawili wa Vienna, Denis na Schiffermüller, mwaka 1775. Binamu yake wa Amerika Kaskazini, Dioryctria abietivorella, alipata jina lake kwa Grote mwaka 1878. Mexico, ambako ndiko asili ya msindano wetu, ina ukoo wake wa nondo hao, wengi kiasi kwamba mwaka 1986 kilitolewa kitabu kizima kuhusu wadudu wa koni na mbegu za huko.

Maisha yao ni ya akili sana. Mama wa Cydia hutaga mayai katikati ya magamba ya koni changa, wakati ule mfupi ambapo koni imejifungua kupokea chavua. Baadaye magamba hufunga. Mlango umefungwa na mtoto yumo ndani. Kiwavi hutoboa mbegu moja, akaenda ya pili, ya tatu, na akishiba hujichimbia kwenye mhimili wa katikati ya koni akalala humo majira yote ya baridi. Nje huoni kitu. Wengine hawaamki mwaka unaofuata. Hulala miwili, hata zaidi. Kuna sababu yake: sprusi hauzai koni kila mwaka, na nondo anayeamka mwaka wa njaa hana pa kutaga. Dioryctria hana ustaarabu huo. Yeye hupasua magamba na mbegu bila kuchagua, na huacha vinyesi na utomvu vikichuruzika nje kama jeraha.

Mti haufi. Hili ni muhimu, na ndilo linalomfanya nondo huyu asijulikane kwa watu wa mbao. Ukivuna magogo, koni zilizooza hazikuhusu. Lakini ukiwa na shamba la mbegu, yaani miti iliyochaguliwa na kupandwa ili izae mbegu bora za misitu ijayo, koni ndiyo mavuno yenyewe. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini wenye mashamba hayo humjua nondo huyu kama mkulima wa Mbozi anavyomjua mdudu wa kahawa. Anaacha mti umesimama, anakula wajukuu.

Je, kwa nini hajafika kwetu? Msindano tulioupanda zaidi Tanzania ni Pinus patula, wenye majani marefu yanayoning'inia kama nywele zilizolowa. Kwao ni milima ya Mexico. Uliingia Afrika Kusini mwaka 1907, kisha ukaenea kuja huku kwetu. Sao Hill, Mufindi, majaribio madogo ya upandaji yalifanyika kati ya 1939 na 1951. Upandaji mkubwa ulikuja baada ya Uhuru, ukiwemo ule wa mikopo ya Benki ya Dunia, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi. Leo Sao Hill pekee ina zaidi ya hekta 50,000 zilizopandwa.

Safari yote hiyo ilifanywa na mbegu, na mbegu haisafiri ndani ya koni. Koni huvunwa, huanikwa juani au kwenye tanuri dogo mpaka magamba yafunguke. Koni za patula zina ukaidi, zinaweza kukaa mtini zimefungwa kwa miaka zikisubiri joto. Zikifunguka hutikiswa, mbegu hudondoka, hupukuchuliwa mabawa, hupepetwa, huchekechwa, hukaushwa. Kilo moja ina mbegu zaidi ya 100,000, kwa hiyo msitu mzima unaweza kusafiri ndani ya mfuko ambao mtoto anaubeba kichwani. Koni tupu hubaki kwenye uwanja wa kuanikia, kuni nzuri sana za kuwashia moto. Na kila aliyekuwa akiishi ndani ya koni alibaki naye huko huko.

Hakuna aliyekusudia. Aliyechekecha alitaka mzigo mwepesi usioota kuvu njiani. Kwa bahati, akawa ofisa wa uhamiaji mkali kuliko wote waliowahi kusimama kwenye bandari zetu.

Najua alikuwa mkali kwa sababu aliwazuia hata marafiki. Sehemu nyingi za Afrika, miche ya kwanza ya misindano ilichipua vizuri, ikageuka njano, ikafa. Udongo ulikuwa na mvua, ulikuwa na mbolea, na bado miche ilikufa. Kilichokosekana ni kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya msindano na kuusaidia kufyonza chakula. Nao walikuwa wamebaki kwao. Dawa ilikuwa kwenda kuchota udongo chini ya misindano mikubwa iliyokwisha kufanikiwa mahali pengine, kuubeba, na kuuchanganya kwenye kitalu. Ndoo moja ya udongo ilizaa ndoo nyingine, kitalu kikazaa kitalu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia ya misitu, na imeandikwa kidogo mno. Kuna watu walibeba udongo ule mabegani, na majina yao hayamo katika ripoti.

Ripoti zenyewe, zile za mwaka za Idara ya Misitu enzi za Mwingereza, nimezisoma nyingi kuliko afya ya macho inavyoruhusu. Zinaeleza kwa nini misindano imekua haraka kuliko ilivyotarajiwa: mwinuko, mvua, nafasi kati ya mche na mche, upogoaji, usimamizi. Hasa usimamizi. Ukiziamini, msindano ulistawi Mufindi kwa sababu bwana misitu alikuwa hodari. Wanaikolojia wana maelezo mengine yanayokamilisha hayo: mmea uliohamishwa na kuacha maadui zake nyumbani hupumua. Sisemi kwamba kutokuwepo kwa wadudu ndiko kulikojenga Sao Hill; mvua ni mvua. Nasema kwamba katika hesabu ya mafanikio kuna mchangiaji ambaye hakutajwa, kwa kuwa mchango wake ulikuwa ni kutofika.

Halafu ikaja 1968.

Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kulikuwa na EAAFRO, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki yote, mrithi wa kituo cha Amani kule Usambara ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Wataalamu wake walikuwa wamefika pale ambapo kila mzalishaji wa miti hufika: walitaka miti bora zaidi. Mbegu ina tatizo moja. Inachanganya baba na mama, na mtoto anaweza kutoka anavyotaka. Ukiwa na msindano mmoja ulionyooka kama mlingoti na unataka mwingine kama huo huo, mbegu haikuhakikishii. Unahitaji vikonyo, yaani vichipukizi hai vilivyokatwa juu ya mti huo na kubebeshwa kwenye miche, kama wanavyofanya wakulima wa maembe na machungwa Muheza.

Vikonyo viliagizwa kutoka Australia. Tofauti na mbegu, kikonyo hakichekechwi, hakianikwi, hakipepetwi. Lazima kifike kibichi, na chochote kinachoishi juu yake hufika kibichi pia. Vikonyo vile vilifika na vidukari wa sufi wa misindano, wa jenasi Pineus, wadogo kama punje ya chumvi, waliojificha chini ya sufi nyeupe wanayoitengeneza wenyewe. Kwenye misindano ya ugenini hawa huzaana bila dume. Mmoja anatosha. Zimbabwe, iliyokuwa Rhodesia wakati huo, ilikwisha kupatwa na mkasa wa namna hiyo hiyo mwaka 1962.

Kinachonichekesha, kama hicho ni kicheko, ni kwamba Australia haina msindano wa asili hata mmoja. Ukiacha kipande cha Sumatra, misindano yote ya kusini mwa ikweta ilipelekwa na binadamu. Kwa hiyo mti ulikuwa mgeni kule, kidukari alikuwa mgeni kule, na wote wawili wakaja kuwa wageni huku. Kutoka Kenya kidukari alisambaa Uganda na Tanzania, akafika mpaka Sao Hill. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, akiwemo Seif Madoffe, walipima miche ya patula iliyoshambuliwa wakaeleza jinsi inavyodumaa. Kenya, katika miaka ya 1970, ilileta mdudu mwingine kutoka Pakistan aje awale hao vidukari. Mgeni wa nne katika hadithi moja.

Nimekaa na mkasa huu kwa muda mrefu kwa sababu hauna mwovu. Hakuna mzembe aliyevunja sheria wala tajiri aliyetoa rushwa. Kulikuwa na wataalamu waliotaka kuboresha mti ambao maskini angeezekea nyumba. Njia ya polepole na ya kijinga, ile ya mbegu kavu kwenye mfuko, ilikuwa imetulinda kwa miongo kadhaa bila mtu kuijua kazi yake. Njia ya haraka na ya kitaalamu ikafungua mlango. Na walichokuwa wakijenga Muguga ni shamba la mbegu, mahali ambapo nondo wa koni, kama angekuwemo kwenye mzigo, angekuwa amefika peponi.

Baada ya hapo wageni waliendelea. Kidukari wa saipresi alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988, Kenya mwaka 1990, na saipresi zilikauka kwa safu nzima. Mwaka 2017 tulijifunza sote jina la viwavijeshi vamizi, watoto wa nondo kutoka Amerika, waliokula mahindi yetu. Wala si lazima adui atoke mbali. Kuna nondo wa misitu yetu ya asili, Gonometa podocarpi, aliyezoea mti wa podo; huko Kenya na Uganda aliionja miti mipya akaipenda. Alikula majani tu, koni hakuzigusa.

Ipo pia njia ambayo chekeche haiizibi. Nyigu wadogo wa jenasi Megastigmus hukaa ndani ya mbegu yenyewe, nje ikabaki nzima inang'aa. Tunaye mmoja wa kwetu kwenye mtarakwa, mwerezi wa milima yetu. Jamaa zake wamesafiri kutoka bara hadi bara ndani ya mifuko ya mbegu iliyopigwa mhuri wa usafi. Kwa hiyo sitaki kuipamba mbegu kuliko inavyostahili.

Desemba iliyopita binamu yangu anayesoma Sweden alikuja likizo. Katika begi la nguo, baina ya chokoleti na jaketi, alileta mfuko wa koni za sprusi alizookota mwenyewe, ndefu kama kiganja, za kumpa mama awe na pambo la Krismasi. Mama alizipenda. Akazimwaga kwenye bakuli la kioo pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, zikakaa hapo kama zimezaliwa Mbagala. Wageni walizishika, wakanusa, wakauliza zinaliwa.

Mimi nilichukua tatu nikaenda nazo jikoni. Mbili zilikuwa safi. Ya tatu niliipasua kwa kisu cha nyama, kwa shida, na katikati ya mhimili nikakuta handaki jembamba, kuta zake laini, lina unga wa kahawia uliosukumwa kando. Mwenyewe hakuwemo. Huenda alitoka misimu kadhaa iliyopita, kwenye msitu wa Uppland. Huenda hakuwa yeye, nondo si peke yake anayetoboa koni. Na hata angekuwemo, angeamka Mbagala kwenye joto la nyuzi 32 akatafuta sprusi akakuta mwarobaini, na hadithi yake ingeishia kwenye taa ya barazani. Nilijua yote hayo. Hata hivyo nilisimama pale nimeshika nusu ya koni kwa muda, mpaka binamu akaja kuuliza kama nimemkata kidole mtu.

Nilichokuwa nakitazama ni usafiri. Miaka yote niliyokuwa nikisoma jinsi koni zilivyobaki nyuma, nilidhani huo ni mpango uliokwisha kukamilika, kitu cha karne iliyopita. Kumbe ulitegemea jambo moja tu, kwamba hakuna mwenye sababu ya kubeba koni. Sasa watu wanazo sababu, na tiketi, na kilo 23 mbili za mizigo.

Mama naye ana miti. Kikoba chao cha akina mama sita, wauza vitenge, mchele na genge, kilinunua ekari tano upande wa Mafinga mwaka 2018, wakati kila mtu Dar alikuwa akisimuliwa kwamba msindano ni benki isiyofilisika. Walikwenda mara moja kuona, wakapiga picha na miche ya kimo cha kiatu. Wengine wamesahau hata jina la kijiji. Mama hajasahau, kwa sababu katika hesabu zake ile miti ni ada ya mdogo wangu na matibabu yake mwenyewe uzeeni. Miche waliuziwa na kijana mmoja wa huko, na yeye aliipata kwa mwingine, na mbegu zake hakuna ajuaye ziliokotwa kwenye miti gani. Huo ndio utaratibu wa wapanda miti wadogo wengi. Mbegu zilizothibitishwa zipo, zinauzwa, ila kijana wa jirani yupo karibu zaidi na anakopesha.

Mwezi uliopita mwangalizi wa shamba alituma video. Miti imepita paa la nyumba, na juu kwenye matawi zinaonekana koni, za kijani bado, zimeshikana makundi makundi. Siku mbili baadaye akapiga simu. Nilikuwa nimekaa na mama akichambua dagaa. Alisema kuna vijana wamekuja wanataka kununua hayo matunda, watapanda wenyewe kuchuma, watalipa kwa gunia.

Mama akaweka simu begani akanigeukia. "Wewe si ndiye unayesomea haya? Niwauzie?"

Nikamwambia amwulize watazianika wapi.

Akauliza. Akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia ehe, ehe. Kisha akakata simu akarudi kwenye dagaa wake. Kuanika, alisema, wanaanika popote wanapofika. Bei si mbaya. Na magunia tusihangaike kutafuta, wanayo ya kwao, wanazunguka nayo shamba kwa shamba tangu Njombe.